Mkutano mkuu wa mwaka: Siku amana ya mto inapohesabiwa

Jina la Mtoni halihitaji mfasiri. Wazee waliolipa eneo hili la Temeke jina lake walitaja kilichokuwa mbele ya macho yao. Mto wenyewe ni Kizinga. Huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukashuka kupitia mabonde ya Temeke na kuyamwaga maji yake katika mkono wa bahari wa Mzinga, penye mikoko. Hapa Mtoni pana mtambo mkongwe wa kusafisha maji unaochota kutoka mto huo, kiasi cha lita milioni 9 kwa siku. Ni kidogo mno mbele ya mtambo wa Ruvu Chini, wenye uwezo wa lita milioni 270. Lakini mwezi Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia katika mgao, kila kaya ya Dar es Salaam ilijua thamani ya chanzo cha maji kilicho jirani, hata kikiwa kidogo.

Kwa familia ya Kiislamu, maji si suala la jiko na kufua peke yake. Mtoto akizaliwa huoshwa kwa maji, na maiti kabla ya kuvishwa sanda huoshwa kwa maji. Baina ya siku hizo mbili, Muislamu husimama mbele ya Mola wake mara tano kila siku akiwa na udhu. Mama anayejaza ndoo kabla ya alfajiri ili watu wa nyumbani mwake wasiikose sala kwa wakati, anategemea msitu wa Pugu pengine bila ya kuuona maishani mwake.

Basi ni haki kuuliza: nani anausimamia mto huu? Jibu la kwanza ni Serikali. Ipo DAWASA inayosambaza maji, ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, upo Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) wenye dhamana ya misitu ya hifadhi pamoja na mikoko, na lipo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufuko wa bahari. Anayepita katika mabonde ya Temeke akaona nyumba zilizosogea hadi ukingoni, na mashimo ya wachimba mchanga, anajua umbali uliopo baina ya maandishi ya sheria na hali halisi ya ardhi.

Pengo hilo ndilo ambalo jumuiya za hiari za kuhifadhi mazingira huundwa ili kusaidia kuliziba. Makala hii inazungumzia siku moja tu katika uhai wa jumuiya hizo, siku ambayo waumini wengi huikwepa kwa kuidhania ni ya wasomi na wafadhili: siku ya mkutano mkuu wa mwaka.

Mali isiyo na mwenyewe, na wenyewe ni wote

Jumuiya za aina hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Huko Nairobi, jumuiya ya elimu ya viumbe na mimea iliundwa mwaka 1909 na ingali hai mpaka leo. Hapa kwetu Tanzania, klabu za Malihai zilianza mwaka 1980 kuwafunza wanafunzi wa shule thamani ya wanyama na misitu. Mwaka 1988 ikaundwa Jumuiya ya Kuhifadhi Wanyamapori Tanzania, inayofahamika kwa kifupi chake WCST, ikiwa na makao yake hapa Dar es Salaam. Mwaka 1991 Bibi Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alikutana na wanafunzi 12 nyumbani kwake Dar es Salaam, na kutokana na kikao hicho ikazaliwa Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi za dunia.

Mwana wa Mtoni ana sababu ya kuijua WCST. Katika miaka ya 1990 jumuiya hiyo ilijishughulisha na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyokuwa ikiliwa na tanuri za mkaa na mashoka ya watafuta kuni kutokana na kukua kwa jiji. Misitu hiyo ni masalia ya msitu wa kale wa pwani. Ndani yake huishi komba mdogo wa Rondo, mnyama asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika misitu michache ya pwani ya Tanzania. Na ndiyo misitu inayotunza maji ya mvua katika vilima ambavyo Kizinga huanzia. Kila gunia la mkaa lililotoka huko lilipunguza kitu fulani katika kisima, bomba na mto wa mtu wa chini.

Jumuiya ya hifadhi haina mwenyewe. Mwenyekiti si mmiliki, mfadhili si mmiliki, wala mwasisi hana haki ya kuirithisha kwa wanawe. Mwenye jumuiya ni mwanachama aliyelipa ada yake. Lakini mwanachama huyo hakai ofisini na wala hashiki kitabu cha hundi. Mamlaka yake hukusanyika katika kikao kimoja kwa mwaka. Akikosekana siku hiyo, mamlaka yake hubaki mikononi mwa wachache waliofika, na ndivyo jumuiya nyingi zilivyogeuka kuwa mali ya mtu na jamaa zake bila ya mtu kuiba chochote. Walioachiwa walichukua tu.

Ajenda moja baada ya nyingine

Tuutazame mkutano mkuu kwa jicho la mafundisho yetu.

Kwanza kuna wito na akidi. Katiba ya jumuiya husema wanachama waitwe siku kadhaa kabla, na isipotimia idadi fulani kikao hakina nguvu. Utaratibu huu una roho moja na shura. Allah (SW) katika Surat Ash-Shura, aya ya 38, amewasifu waumini ambao mambo yao huyaendesha kwa kushauriana, na sifa hiyo imewekwa katika aya moja na kusimamisha sala na kutoa katika walivyoruzukiwa. Anayeitwa kwenye shauri la maji ya umma akabaki kibarazani anapiga soga, ameiacha sifa hiyo ipite.

Pili kuna kusomwa kwa muhtasari wa mkutano uliopita, na yatokanayo. Hapa ndipo wengi husinzia, na kumbe hapa ndipo penye uzito. Mwaka jana tuliambiwa mikoko itapandwa Mzinga. Imepandwa? Tuliambiwa barua itapelekwa kwa Mkuu wa Wilaya kuhusu wachimba mchanga. Jibu lake liko wapi? Qur'ani katika Surat Al-Israa, aya ya 34, imetukumbusha kwamba ahadi ni jambo litakaloulizwa. Yatokanayo ni kuulizana hapa duniani, kabla ya kuulizwa kule ambako hakuna kuahirisha kikao.

Tatu kuna taarifa ya kazi. Hapa tunaomba wasomaji wetu wawe makini na neno moja: "imepandwa". Ni rahisi kuandika kwamba miche elfu kadhaa imepandwa, watu wakapiga makofi na picha zikatolewa. Swali la mwanachama ni hili: imepona mingapi? Wavuvi wa Kijichi wanajua kwamba mikoko si mti mmoja. Mlilana husimama mbele, unakopigwa na maji ya bahari, mkandaa na mchu zina mahali pake, na mche uliotiwa katika tope lisilo lake hufa kabla ya mwaka kuisha. Jumuiya inayohesabu upandaji tu itapanda palepale kila mwaka, na kila mwaka itakuwa na taarifa nzuri.

Nne kuna hesabu za fedha. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, imekuja kufundisha kuandika deni, kuweka mwandishi muadilifu na kushuhudisha. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi alizigawa mali mafungu mawili, akisema fungu moja ni la Waislamu na la pili ni zawadi aliyopewa yeye. Mtume (SAW) alipanda mimbari na kulikemea jambo hilo mbele ya watu, akihoji kama zawadi hiyo ingemfikia mtu huyo lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Tunajifunza hapo kwamba kumhesabia aliyekabidhiwa mali ya umma si kumvunjia heshima. Ni sunna. Nayo Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, namba 24 ya mwaka 2002, imeyataka mashirika hayo kuandaa taarifa ya kazi zao kila mwaka. Mwanachama anapoomba hesabu zilizokaguliwa, hafanyi ujuba bali anadai haki yake.

Tano kuna uchaguzi. Abu Dharr (RA) alipoomba kupewa uongozi, Mtume (SAW) alimtanabahisha kuwa uongozi ni amana, na kwamba Siku ya Kiama huwa ni hizaya na majuto isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na kutekeleza yaliyompasa. Jumuiya isiyopata watu wa kugombea, na jumuiya ambayo mwenyekiti wake hajabadilika tangu siku iliyoandikishwa, zote mbili zinaugua. Ya kwanza imekosa watu wa kuibeba amana, na ya pili ina mtu asiyetaka kuitua.

Taka zilizosafiri

Huenda msomaji akasema haya ni mambo ya karatasi, na mto hausafishwi kwa karatasi. Historia ya taka za jiji hili inajibu.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, wakiongozwa na Joseph Kessy, walilishitaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jaa lililokuwa likifuka moshi na harufu katikati ya makazi yao. Mahakama Kuu iliwapa haki, na Jiji lilipoomba muda zaidi, Jaji Lugakingira mwaka 1991 alikataa, akilihusisha jambo hilo na haki ya kuishi iliyomo ndani ya Katiba ya nchi. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, mamia kwa mamia katika shauri moja, na taka zikaondoka. Zikaenda Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikaja hapa Mtoni, kabla ya kuhamishiwa Pugu Kinyamwezi liliko jaa la jiji hivi sasa.

Tazama safari hiyo ilivyokwenda, na ilikofikia: upande ule ule wa Pugu. Hatusemi watu wa Mtoni au wa Vingunguti hawakulalamika. Kila mtu hulalamika akiwa barazani. Tunalosema ni kwamba mahakama haisikii baraza. Husikia watu waliokutana, wakakubaliana, wakateua wasemaji, wakachanga fedha na kutunza kumbukumbu. Mambo hayo ndiyo kazi za mkutano mkuu. Eneo lenye watu waliozoea kukutana wakati wa raha huwa na mahali pa kuanzia siku ya shida ikifika.

Somo la Misali

Wenzetu wa Pemba wametangulia kuonyesha namna imani inavyoweza kukaa meza moja na hifadhi. Magharibi ya Chake Chake kuna kisiwa kidogo cha Misali, chenye matumbawe na fukwe wanakotaga kasa, na ambacho kimewalisha wavuvi wa vijiji vingi tangu zamani. Simulizi za wenyeji zinasema Nabii Khidhr alipita huko, na kwamba kisiwa chenyewe kilikuwa kwake mfano wa msala wa kuswalia. Katika miaka ya 1990 ulipokuja mpango wa kukifanya mahali pa hoteli, wavuvi waliukataa. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kuwa eneo la hifadhi, na usimamizi wake ukawashirikisha wavuvi wenyewe kupitia jumuiya yao ya hifadhi ya kisiwa hicho, pamoja na kamati za vijiji. Sehemu ya maji ilitengwa isivuliwe kabisa, na sehemu ya mapato ya wageni ikapangwa irudi vijijini.

Lakini si kila mvuvi aliitikia sheria za Serikali. Ndipo mwishoni mwa muongo huo shirika la CARE na taasisi ya Kiislamu ya ikolojia, IFEES, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid huko Uingereza, walipoketi na masheikh na walimu wa madrasa wa Pemba ili mafunzo ya hifadhi yatolewe kwa lugha ya Qur'ani: ukhalifa wa mwanadamu katika ardhi, mizani, na kukatazwa ufisadi. Uvuvi unaovunja matumbawe ukaanza kuzungumzwa msikitini kuwa ni dhulma, na haukubaki kosa la kuogopa boti ya doria tu.

Hilo halikuwa jambo jipya katika dini. Mtume (SAW) aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe wala wanyama wake wasiwindwe, na akalitenga bonde la Naqi' kuwa hima kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Hifadhi ilikuwepo Hijazi karne nyingi kabla ya neno lenyewe kuandikwa katika vitabu vya serikali zetu.

Jahazi moja

Bukhari amepokea kutoka kwa Nu'man bin Bashir (RA) mfano alioutoa Mtume (SAW) wa watu waliopiga kura ya nafasi ndani ya chombo. Wengine walipata juu na wengine chini. Wa chini walilazimika kupanda juu kuchota maji, wakaona kwamba wanawaudhi wenzao, wakafikiria kutoboa tundu katika sehemu yao wenyewe. Wa juu wakiwaacha, wote wataghariki. Wakiwazuia, wote wataokoka.

Watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa jahazi. Bonde la Kizinga nalo ni chombo kimoja. Mchoma mkaa wa juu Pugu anatoboa, mchimba mchanga wa katikati anatoboa, anayetupa mifuko ya taka mtoni usiku anatoboa, na mkata mikoko wa Mzinga anatoboa pale bahari inapoingilia. Kila mmoja anadai yuko katika sehemu yake. Mkutano mkuu ni mahali ambapo wa juu na wa chini hukaa kuambiana kwamba maji yanaingia.

Kwa hiyo tunazo nasaha chache kwa familia zetu za Mtoni, Kijichi, Mbagala na kwingineko. Kwanza, baba na mama waulize katika mtaa wao kuna jumuiya gani ya mazingira, kikundi gani cha mikoko, au kikundi gani cha wavuvi cha usimamizi wa rasilimali za mwambao, kisha angalau mmoja wa nyumba ajiandikishe. Pili, ada ilipwe, kwani asiyelipa hana kura, na jumuiya isiyo na ada za wanachama humsikiliza anayeilipa. Tatu, akina mama wasiachiwe kazi ya kupika chakula cha wajumbe tu. Wao ndio wanaojua bomba linatoka siku gani na maji yana rangi gani, na elimu hiyo inahitajika ndani ya ukumbi. Nne, kijana aliyesoma uhasibu apelekwe akasome vitabu vya hesabu na kuwafafanulia wazee. Tano, maimamu wautangaze mkutano baada ya sala ya Ijumaa kama wanavyotangaza maziko na harusi, na waandaaji nao wapange ratiba isiyowakosesha watu Adhuhuri wala Alasiri.

Katika mafundisho ya Mtume (SAW), kama alivyopokea Imam Ahmad, mwenye mche mkononi Kiama kinaposimama, akiweza kuupanda kabla hakijamfikia, na aupande. Kama mche unastahili kupandwa saa hiyo, basi saa tatu za Jumamosi moja kwa mwaka, kwenye benchi la ukumbi wa shule, kusikiliza mche uliopandwa mwaka jana umefikia wapi, si gharama kubwa kwa mtu anayechukua udhu kutokana na mto huu.

Wabillahi tawfiq.